Inchi Thelathini na Tatu

Siku tatu nimekwenda na kurudi Barabara ya Kumi na Nne,
dukani kwa Salmini muuza ringi,
nikitazama kama mposaji asiye na mahari:
jicho la pembeni, mikono mgongoni.

Zimetundikwa ukutani.
Za kromu, unaziinamia ukaona meno yako.
Za njiti tano, za njiti nane,
na ile nyeusi, ya mdomo mpana,
iliyonikaa kooni tangu Jumatatu.
"Hiyo haivai tairi dogo," akasema Salmini.
"Ukiivisha dogo umemvalisha bwana harusi kaptula."

Pikapu yangu ni ya themanini na tisa.
Bati limeliwa na chumvi,
mlango wa nyuma naufunga kwa kamba ya katani,
na harufu ya machungwa ya Muheza haitoki hata niioshe kwa Omo.
Nilitaka nini? Sijui kusema.
Nilitaka mara moja tu, nikipita Majani Mapana,
mtu ageuke.

Semkiwa fundi akazunguka gari mara mbili, spana kwapani.
"Ukiinua miguu, inua na akili.
Springi zitalalama, gia ya tano utaisahau,
na madigadi lazima niyakate.
Bati si kitambaa, likikatwa halishoneki."
Nikamwambia, kata.
Akakata. Cheche zikamwagika vumbini,
kuku wa jirani wakadhani ni mtama.

Nati sita kila gurudumu.
Jeki ikashuka kidogo kidogo, ikiguna,
gari likabaki juu
kama mbuzi aliyepanda kichuguu, hajui atashukaje.
Kashata zake nene, unapitisha kidole mpaka kiungo cha pili.
Nikazipapasa. Sikuwa na haya.

Halafu kibao kikaanza uongo.
Tangu nipate leseni, kutoka kwangu mpaka sokoni Muheza
ni kilomita thelathini na sita.
Sasa kinahesabu thelathini na tatu, kinanyamaza.
Nikajiambia labda ni kweli,
labda Pongwe imejikunja usiku, ikanifupishia njia.
Tangi la mafuta likakataa kudanganywa.
Na nikikata kona ya Kange kushoto
tairi linalamba bati: krrr,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kukusema.
Wapakiaji wamedai nyongeza.
"Gunia ni lile, bega ni lile,
ila wewe bosi umehamisha dari."

Alhamisi, kliniki ya macho, Bombo.
Mama akasimama ubavuni mwa gari.
Kizingiti cha mlango kilikuwa kifuani pake.
Akaliangalia tairi, akaniangalia mimi,
akarudi ndani bila neno.
Alipotoka alibeba mbuzi ya kukunia nazi.
Akaitua chini, ulimi wa chuma ukielekea barabarani,
akakunja kanga, akapanda.

Njia nzima nilikuwa nazifungua zile nati kichwani, moja moja.
Matairi ya zamani yapo uani.
Moja kuku ameshatagia.
Nitamhamisha kuku.

Tukafika kwenye ukuta wa njano,
ule mrefu, wenye vigae vya chupa juu,
alioupita kwa miguu miaka kumi na tisa,
sinia la vitumbua kichwani, kila alfajiri.
"Simama," akasema.
Nikasimama katikati ya njia, bajaji nyuma ikinipigia honi.
Akavuta shingo, akachungulia kwa jicho lake lililobaki zima.
Akachungulia sana.
"Kumbe ndani hamna kitu," akasema.
"Majani tu. Na pipa."

Hakuongeza lolote mpaka geti la hospitali.
Nikaishusha mbuzi, nikampa mkono.
Akakanyaga ubao, akakanyaga ardhi,
akatengeneza ushungi.

"Hiyo mbuzi usirudishe jikoni," akasema.
"Ikae humu humu garini.
Nazi nitakuna kwa jirani."