Mfuko wa Nne

Koti nililinunua Karume, elfu tatu na mia tano,
baada ya kulitukana kwanza, ndiyo bei ishuke.
Kafa-ulaya, la mtu mrefu. Mfukoni mwake
tikiti ya treni, kwa lugha nisiyoijua,
na punje mbili za mchele.
Huyu naye, nikawaza, alikwenda harusini.

Sikudhani analitaka la kazi.
Ana miaka tisa, ana fimbo ya mwavuli uliokufa,
ana leso mbili, ana sarafu ya mia mbili iliyofutika sura,
na Jumamosi saa kumi, uani kwetu Mtoni,
ataonyesha kiinimacho. Kiingilio: kifuniko cha soda.

Nikampima kwa futi kamba iliyokatika mwanzoni
(ukishapima, toa kumi).
"Simama wima. Usicheke, bega linapanda."
Mikono nikaipunguza shibiri nzima.
Pindo nikalipandisha, ila ndani nikaliacha nene,
maana mtoto harefuki kwa kubisha hodi.

Akafunga mlango, akaninong'oneza ramani:
mmoja wa sarafu, chini ya kwapa, mdomo utazame nyuma.
Mmoja wa leso, ndani ya mkono wa kushoto, uwe na lastiki.
Mmoja wa kifaranga cha Mama Tumsifu.
"Amekubali?"
"Bado hajaulizwa."
"Na usimwambie mtu, mama. Apa."
Nikaapa, pini zikiwa mdomoni.

Angejua anamwapisha nani!
Mimi, mshona mifuko ya siri tangu mwaka wa ndoa:
kwenye mkanda wa gagulo, ndani ya foronya,
kwenye upindo wa pazia, kitu ambacho mwanamume hafui.
Baba yake naye alijua kiinimacho, kimoja tu:
mshahara huu hapa, tazama huku, tazama kule, haupo.
Mwishowe akakifanya kwa mwili wake mwenyewe.
Sikupiga makofi.

Cherehani yangu ya mkono ina kikohozi.
Bitana inateleza kama kambare.
Umeme ukakatika nikiwa kwenye kona ya mfuko wa pili,
Sikudhani akanimulikia kwa tochi ya simu,
macho kwenye sindano, hapepesi.
Mama mwenye nyumba akachungulia:
"Unamfundisha mtoto uchawi?"
"Namtilia mifuko tu. Hayo mengine kaja nayo."

Jumamosi. Vifuniko thelathini na kimoja.
Kifaranga kilitoka kabla ya zamu yake, kikanya kwenye kola.
Leso ikakwama, watu wakaangua kicheko,
naye akainama, kama aliyepanga hivyo.
Kisha sarafu. Akaiinua, akaifumbata, akapuliza.
Akavua koti, akanikabidhi mimi mbele ya watu:
"Kagua."

Nikacheka moyoni, mkono nikaupeleka kwapani.
Hamna.
Kushoto, hamna. Kwa kifaranga, unyevu na unyoya.
Uani kimya; nadhani uso wangu
ndio walioupigia makofi.
"Sikudhani," nikasema,
na hakuna aliyejua kama namwita au naungama.

Usiku, nikifua ile kola,
kidole kikagonga kitu kigumu kwenye pindo,
pale pale nilipopaacha pa kesho:
kimfuko, mishono inayumba kama mlevi,
uzi wa bluu.
Bluu ndiyo sketi yake ya shule,
ile ambayo upindo wake unaning'inia tangu Alhamisi,
nami nikamgombeza, nikamwita mzembe.

Sarafu sikuitoa.
Nikavuta taa karibu, nikachomoa uzi kwenye sketi ile ile,
nikaongeza mishono miwili, midogo,
pembeni, ambapo mifuko huanza kufumuka,
nikaiyumbisha makusudi
ili asijue.