Mgema Aulizwa Njia

Walikuja Jumanne na tepu na darubini,
wakasimama chini ya mnazi wangu
kama watu waliokuja kupima kaburi.
Fundi wao msichana wa Kibokoni, jina Swabra,
buibui amelikaza kiunoni, ngazi begani.
Akanambia: Mzee Chengo, mnazi wako umeziba.

Umeziba nini?
Akanyoosha mkono kusini, kule Nyali,
kwenye mnara ambao ukiwa chini huuoni.
"Mtandao huu hauna waya. Huenda kama jicho.
Kisichoonwa na mnara hakipati."
Na shule yetu, akasema, haionwi.

Nilicheka. Waya za dunia nzima, nasikia,
zinaibukia ufukweni papo hapo,
zinapita na habari zao kwenda bara,
na sisi wa Mwakirunge, wa Mombasa hiyo hiyo,
tunaoletewa taka zake kwa lori kila asubuhi,
mwanangu Mbodze hupanda kichuguu
simu kaiinua kama anayeomba mvua,
apate kusoma swali la tatu la hesabu.

Lakini kuukata, la.
Kitovu cha Mbodze kiko pale chini.
Na tembo lake, ulizeni Bokoli, ulizeni Maunguja.

Swabra hakubisha. Akauliza tu:
"Wewe hupanda mara ngapi?"
Alfajiri na jioni, miaka thelathini na mmoja.
"Basi huko juu huona nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.
Watu huuliza tembo ni kali au tamu.
Nikachomeka kotama kiunoni, nikapanda,
kidato cha kwanza, cha nne, cha ishirini
(hivi ndivyo vidato nilivyohitimu),
na kutoka kileleni nikapiga kelele:
Paa la zahanati linauona mnara!
Na shule inaliona paa la zahanati,
kwa upenyo, kati ya mkorosho wa kina Ruwa na tangi la maji!
Chini yangu Swabra anachora kwenye kiganja.

Siku nne. Mlingoti wa chuma, sahani nyeupe
kubwa kama sinia za pilau.
Jumamosi Mbodze akamwona mwalimu wa kemia
akifundisha kutoka shule ya mjini, bila kukatika,
na Kadii wa zahanati akatuma picha ya kidonda,
jibu likarudi kabla hajavua glavu.
Tukawasifu. Lo, tuliwasifu!
Mwenye kampuni alikuja na bango na soda,
chifu akahutubia, vigelegele vikapigwa,
nami nikatoa kibuyu.

Mwezi wa tatu mwalimu wa kemia
aliganda mdomo wazi, chaki hewani.
Duara likazunguka, likazunguka.
Bei ile ile.
Swabra alipokea simu kwa sauti ya chini:
Mzee, mkondo uliokuwa wenu
sasa unauzwa vijiji vitatu.

Sikukasirika haraka. Methali ile
nimetupiwa tangu ujana, mgema akisifiwa,
watu wananikonyeza huku wameshika vikombe.
Na ni kweli, mara moja, matangani kwa binamu yangu,
wageni walizidi, nikaongeza ndoo ya kisimani.
Waligundua kwa funda la kwanza.
Tembo lina ulimi wa kulishtaki.
Mtandao ukitiwa maji, utauonja wapi?

Jana jioni nilipanda, simu mfukoni.
Ujumbe ukaingia mmojammoja:
tone, kimya, tone,
kama kibuyu kwenye karara lililochoka.
Mbodze yuko chini, ananiuliza naona nini.
Naiona njia yote, nikamwambia,
mnara, zahanati, shule, imenyooka paa kwa paa.
Ila pale inapotiwa maji
hapaonekani kutoka huku.