Vikonyo

Waliosema mshika mawili moja humponyoka
hawakuwahi kubeba sahani nne kwa mkono mmoja
mwisho wa Desemba, Tbilisi,
mlango ukifunguliwa theluji iingie kabla ya wateja,
na kichwani bado zimekwama tatu ya nane
za mtoto wa watu.

Mchana mimi ni mwalimu.
Metro hadi Gldani, ghorofa ya tisa,
lifti inayodai sarafu ndipo ikubebe.
Dachi ana miaka kumi na moja, hapendi sehemu.
Mama yake aliniambia: likizo ndiyo nafasi,
wenzake wakicheza, yeye awapite.
Nikaitikia. Kodi nayo haijui likizo.
Bibi hufungua dirisha nikishaketi,
kwa ajili ya vitunguu vilivyolala nywelini mwangu.

Saa kumi na moja jioni, aproni. Kalamu ni ileile.
"Tsira," asema Naira mwenye mkahawa, "una wino mdomoni.
Meza ya saba wanangoja."

Meza ya saba ni watu watano, mafundi wa paa,
wamelipwa leo na wanataka kila mtu ajue.
Hinkali arobaini!
Vifuko vya unga, mchuzi ndani moto wa kuunguza ulimi.
Unashika kikonyo, unang'ata, unafyonza,
kikonyo unakitupa sahanini,
na mwishowe wanaume huhesabu vikonyo
kama wanaohesabu maadui.
Kijitabu changu cha oda kilikuwa kimekwisha.
Nilichomoa daftari la Dachi mfukoni,
nililokuwa nisahihishe kwenye metro,
nikaandika chini ya swali la sita:
M7, watu 5, hinkali 40, bia 10.

Usiku wa mwaka mpya tulifunga saa tisa na nusu.
Fataki zilikuwa zimechoka, mitaa inanuka baruti.
Nililala na viatu.
Saa nne asubuhi niko ghorofa ya tisa tena,
maana hakuna aliyefuta somo,
na mimi si wa kuuliza. Somo ni lari thelathini.

Bibi akaziba mlango kwa mwili wake wote.
Nikakumbuka: mguu wa kwanza kuingia leo
ndio utakaoubeba mwaka wa nyumba hii,
na walimtarajia mjomba, mnene, mwenye gari, na kapu la peremende.
Akaniangalia viatu. Akaniangalia macho.
Nyuma yake mama mtu ananong'ona: mwache, ni mwalimu.

Nilipapasa mfuko wa koti:
peremende mbili za mnanaa,
zile tunazoweka juu ya bili.
Nikazirusha sakafuni, nikatamka maneno yote
kama nyanya yangu kule Zugdidi:
mguu wangu uwe wenu wa heri,
na kadhalika, sauti imekauka kwa kupaza oda.
Bibi akainama, akaokota moja, akaimenya,
akaila palepale.
Akasogea.

Dachi alikuwa ameshafungua daftari.
"Mwalimu, hili la sita na nusu ni lipi?"
Hilo si swali, nikasema. Kisha nikasema, basi, lifanye.
Nane kila mtu. Hakuna baki.
Ila pembeni niliandika pia, sikumbuki lini,
vikonyo 37.
Akauma kalamu.
"Thelathini na saba ni namba tasa. Haigawanyiki.
Na tatu ziko wapi?"

Sebuleni walikuwa wakikata keki.
Kuna hesabu huwezi kumwonyesha mtoto njia yake:
ukumbi wenye mvuke nyuma ya jiko, saa nne ya usiku,
tangu asubuhi tumboni chai tu,
sahani mkononi, mlango wa kusukuma kwa bega,
na tatu zile, upesi, moja juu ya nyingine,
mchuzi ukinichoma hadi machozi,
na vikonyo vyake nikavimeza pia
visije vikanihesabu.

"Andika baki tatu," nikamwambia.
Akaandika. Akaipigia mstari, mara mbili, kwa rula.