Kaya Namba 417

Saa nne usiku, Soroti. Umeme umekatika,
kompyuta inamalizia betri yake
nami bado nachambua takwimu
kama apepetaye mchele kwa mwanga wa kibatari:
kaya elfu moja na mia mbili,
mapato, madeni, mbuzi, ada za shule,
na swali la ishirini na sita, ninaloliota:
Ukipatwa na dharura ya laki mbili,
utazipata wapi ndani ya siku saba?
Moja, akiba. Mbili, ndugu. Tatu, mkopo.
Tisini na nane, sijui.
Tisini na tisa, amekataa kujibu.

Wote wamelala ndani ya mstari, isipokuwa mmoja.
Asekenye, mjane, mwuza mihogo mikavu.
Mapato kwa mwezi: elfu arobaini na tano.
Akiba nyumbani: milioni mbili, laki tatu.

"Sifuri imezidi," Dokta Byaruhanga alisema kwa simu.
"Ifute. Inauvuta wastani juu,
na wizara inataka jedwali Ijumaa."

Kidole kikasita.
Wastani simjui, Dokta.
Sijawahi kumkuta kisimani na dumu.

Asubuhi nikachukua bodaboda hadi Gweri.
Alikuwa akianika. Hakushangaa.
Akanipa kigoda, akasogeza jiwe la kusagia,
akafukua kopo la maziwa ya unga
lililojaa vitambaa vilivyofungwa fundo.

"Hiki cha kitenge ni cha Okiror,
anauogopa mkono wake mwenyewe siku ya pombe.
Hiki cheusi ni cha mwalimu Apolot.
Mumewe hajui, na wewe hukusikia.
Hiki cha sare ya shule, cha yatima wa ng'ambo ya bwawa,
anangoja cherehani.
Cheupe ni cha mzee Ekwaru:
sanda. Hataki kuzikwa kwa mchango."

Vilikuwa tisa. Hajui kuandika.
Hajawahi kukosea.

"Na chako, mama?"
Akacheka, akagonga bati kwa kucha:
"Changu ni kopo."

Haba na haba, tumefundishwa, hujaza kibaba;
katika dodoso langu lenye kurasa thelathini
hapakuwa na pa kuuliza: kibaba cha nani?
Kaya, tuliandika, ni wale wanaokula chungu kimoja.
Wanaoogopa pamoja hatukuwapa msimbo.

Nikakumbuka kodi ya chumba changu Ntinda,
figo za baba, mkopo wa chama unaokata mshahara
kabla sijauona. Laki mbili, siku saba?
Mimi ni tisini na nane.

Mtafiti haruhusiwi kuingia katika takwimu zake.
Nalijua hilo; ndilo ninalowafundisha wasaidizi wangu.
Nikararua pindo la leso,
nikafunga elfu ishirini, fundo mbili.

Asekenye akaitazama rangi kwa muda,
njano, yenye doa la wino,
akairudia kimoyomoyo, midomo ikicheza,
kisha akafunika.

Jedwali limekwenda Ijumaa, na yeye yumo.
Ila namba yake si sahihi tena.
Imepungua elfu ishirini.