Hesabu ya Shashi

Kabla ya kushona, mimi huhesabu.
Shashi thelathini ziliingia, thelathini zitoke;
koleo, mikasi, sindano, hadi ile iliyopinda.
Daktari Wafubwa huinua mikono akaningoja,
na nisiposema "imetimia" hakuna uzi unaopita.
Tumbo la mtu si kabati la kusahaulia vitu.

Usiku huu Kisumu ina joto la chungu kilichofunikwa.
Nelima, binti wa utafiti, amekalia kasha la dripu
na hojaji yake ya kurasa kumi na moja.
"Zamu ya usiku mko wauguzi wangapi?"
Andika mmoja na nusu.
"Nusu ni nani?"
Nusu ni mimi, ikishapiga saa nane.

Hakucheka. Kisanduku kilikataa nusu,
akaiandika pembeni, kwa herufi za kunong'ona.
Nikamwambia na Ludenyi, fundi wetu wa nusukaputi,
siku hizi yuko Uingereza, hututumia picha za theluji.
Hilo nalo halikuwa na kisanduku.

"Mgonjwa alisubiri saa ngapi?"
Saa niianzishe wapi, mwanangu?
Langoni petu, alipoteremshwa kwenye pikipiki?
Au kule Nyakach, utumbo ulipojisokota
na mumewe bado anabishania bei ya mbuzi?

Kisha ziwa likatuma radi, stima ikapotea.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena.
Nikamvika Nelima kanzu ya kijani, nikampa tochi:
Shika hapa. Usitikisike. Usizirai, sina wa kukuokota.
Akashika. Mwanga ukatetemeka, halafu ukatulia
juu ya utumbo uliokuwa mweusi kama bilinganya
ukirudia, polepole, rangi yake ya waridi.

Hesabu. Ishirini na tisa.
Tena. Ishirini na tisa.
Wafubwa hakusema neno; jasho lake lilisema.
Ndoo, shuka, mfuko wa taka, chini ya kitanda,
nikapiga magoti na mgongo wangu wa miaka hamsini na miwili.
Ikapatikana imeganda kwenye soli ya mtafiti,
nyekundu, imejikunja kama sikio.

Thelathini. Imetimia. Shona.

Alfajiri nilimkuta koridoni, hojaji magotini,
akifuta jibu la swali la tatu, akiandika,
akifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.