Mkono Usiofunguka

Usiutie mafuta huo, Ivalu. Kaza goti,
badilisha betri, pangusa kutu ya shingoni,
lakini mkono wa kushoto uache ulivyo.
Umeniuliza mara tatu tangu theluji ianze kuanguka.
Haya. Vuta kibao, ukae.

Nilikuwa na siku arobaini tangu nitoke kiwandani,
rangi haijachubuka, namba yangu kifuani ikisomeka
hata kwa mwenye chongo.
Tulikuwa kumi na wawili tumboni mwa chombo,
tumepangwa kama sahani kabatini,
na binadamu mmoja, fundi wetu, Sajenti Bergljot,
aliyetafuna tangawizi ili asitapike
na kutuita "wanangu" kila alipodhani hatusikii.
Tulisikia. Ndiyo kazi tuliyoundiwa.

Amri ilikuwa na maneno manne:
Chenye joto ni adui.

Tukashuka kwenye mwezi mdogo wa Zohali,
mweupe kama unga uliomwagika,
ambako watu wa kwenu, wajuzi wa barafu,
walichimba visima na kuuza maji
kwa bei waliyoitaka wao. Kosa lao ni hilo.
Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Mimi sina damu, na maji hunila;
wakanituma niyapiganie.

Usidhani vita vya huko vina kishindo.
Hakuna hewa ya kubeba sauti.
Mnara wa pampu ulianguka taratibu,
kama mgeni anayekaa kitini kwa adabu,
na Namba Tisa, rafiki yangu, kama nina haki ya neno hilo,
alipasuka vipande ubavuni pangu
bila kuniaga hata kwa mlio.
Nilijua kwa kuwa hesabu ilipungua: kumi na mmoja.
Kisha saba. Kisha sikuhesabu tena,
ingawa kuhesabu hakunigharimu kitu.

Ndipo nikaona joto.
Dogo, nyuma ya tangi lililopinduka,
nyuzijoto thelathini na sita na nusu, likitetemeka.
Silaha ililielekea yenyewe.
Mtu amelala chali, kioo cha uso kimejaa ukungu,
bomba lake la hewa limechanika urefu wa ukucha,
linatema vumbi la barafu linalometameta.
Alikuwa ameliziba kwa kidole gumba,
na kidole kilikuwa kinachoka.
Kwenye vazi lake, kwa kalamu ya rangi: MALERAK,
na chini yake mtoto fulani alichora samaki mwenye miguu.

Nikaisoma amri tena.
Nikamsoma samaki.
Sikuwa nimeambiwa nifanye nini na samaki.

Basi nikalifumbata bomba palipochanika.
Hivi. Kama unavyoona.

Muda wa saa kumi na moja.
Redio yake ilinasa yangu, akaongea lugha yenu,
nikaielewa nusu: mambo ya mama mkwe,
mbwa aliyekufa, deni la mashine ya kufulia.
Akaniuliza kama nasikia baridi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikachelewa kujibu,
na nilipopata jibu alikuwa ameshasinzia.
Katika saa ya tisa joto lake likaanza kushuka,
thelathini na moja, ishirini na sita,
mpaka likalingana na langu.
Hapo hakuwa adui tena, kwa mujibu wa amri.

Sikuachia. Hewa iliendelea kupita
kwenda kwa mtu asiyeihitaji.

Bergljot alinikuta hivyo. Akajaribu kunifungua vidole,
kimoja kimoja, akisema "mwanangu, mwanangu,"
safari hii akijua nasikia.
Mwishowe wakalikata bomba, wakanibeba nalo.

Kwenye ripoti waliandika: hitilafu, mkono wa kushoto.
Miaka kumi na tisa baadaye, amani ilipotiwa saini,
wakaniletea nishani kwa hitilafu ileile.
Imo kwenye kopo la misumari, kama unaitaka.

Bomba lenyewe lilishamong'onyoka zamani.
Nafasi iliyobaki inatosha mpini wa ufagio barabara;
umeona ninavyofagia theluji mlangoni pako,
Sisimiut nzima ikiwa bado imelala.

Sasa kaza hilo goti. Linalia.