Makabidhiano ya Kiwanja

Mesheki, shika funguo. Ni mbili tu:
wa kibanda, na wa geti ambalo halifungi.
Filimbi hii. Daftari hili.
Redio ukiipiga kofi ubavuni huamka,
lakini usiipige mbele ya mgeni.

Alfajiri, kabla Kiboriani haujavua ukungu,
tembea kiwanja chote, mita elfu na mia mbili,
uende kwa kushoto, urudi kwa kulia.
Usitazame mbele. Tazama miguu.
Kijiwe cha ukubwa wa karanga
kikidakwa na panga la injini ni risasi.
Na shimo la mhanga, lifukie, lishindilie;
kesho utalikuta palepale.
Mhanga hajasoma kanuni.

Ile inayoning'inia mlingotini, watoto wataiita suruali.
Waache. Wewe isome.
Ikilala, upepo umelala.
Ikinyooka kama mkono wa mdai,
ujue rubani ataukabili upepo uso kwa uso,
basi watu waondoke upande ule, hata wa harusi,
hata diwani.
Chamchela likizuka katikati mchana wa Septemba
usilikimbilie. Mwambie aliye juu asubiri.

Hapa Mpwapwa hatuna mnara.
Mnara ni wewe na hicho kiti cha plastiki.
Kila rubani hujitangaza mwenyewe hewani:
niko maili kumi, natokea kusini, nashuka.
Mwenzake akisikia, hujibu.
Kukiwa kimya, usishukuru ukimya.

Fungua daftari, Jumanne ile.
Umeona? "Ndege mbili. Salama."
Mstari ndio huo, nafasi ilikuwa ya mstari mmoja.

Ya kwanza ilikuwa ya daktari,
inamfuata Nyemo wa Gulwe, mtoto amekaa kingo,
amelazwa pale kwenye kivuli cha kibanda
akiuma pindo la khanga asilie mbele ya wakwe.
Ya pili ya wapima madini, inatokea Kibakwe,
rubani wake yuko kwenye wimbi jingine la redio
anazungumza na mtu wa Dodoma kuhusu mafuta.
Nilimwita mara nne.
Nilisikia injini mbili na anga moja.

Kanuni inasema aliye chini zaidi atangulie.
Inasema pia mgonjwa atangulie.
Haisemi ufanye nini
wanapokuja wote, huyu haoni, yule hasikii,
jua likiwa machoni mwa mmoja wao.

Nikavuta shuka mbili za hospitali kutoka kwenye machela.
Nyemo mwenyewe alijiinua kiuno nizipate.
Nikakimbia hadi katikati, nikazitandaza msalaba,
mawe manne pembeni, la tano sikuliona, nikalikalia mimi.
Msalaba mweupe: kiwanja kimefungwa.
Wa madini akauona. Akainua pua.
Akapita juu yangu, vumbi likanivua kilemba,
na huko juu ndipo wakaonana, nadhani,
maana redio ilianza kutukana Kiingereza.

Kisha nikakunja shuka, nikafukuza mbuzi,
nikainua mikono: njoo, daktari, njoo.

Walimbeba, wakaruka, wakawa nukta.
Alijifungua? Sikuambiwa.
Nimeuliza Gulwe, wanasema alihamia kwa dada yake Kilosa.
Matroni alinifokea wiki nzima
kwa shuka zake zilizorudi nyekundu kwa vumbi.
Wa madini hakurudi kusema lolote.

Basi, Mesheki, usimwamini mtu kwa sababu ana mabawa.
Andika saa, andika namba ya ubavuni,
usiandike ulivyotetemeka.
Chokaa ya mawe imebaki debe nusu.
Njia ya kwenda kisimani inakatiza pale kwenye mkuyu;
kina mama wanajua kusimama, watoto wao hawajui.

Na wale kule ni mbuzi wa Chilewa.
Wamelala katikati tangu asubuhi.
Filimbi yangu wameizoea miaka kumi na mmoja,
nikipuliza hunyanyuka mmojammoja kama waumini.
Yako hawaijui.
Haya, puliza.